Siwa: Oasisi Iliyozidiwa na Maji

Msomaji, ukiulizwa ni kitu gani kiwezacho kuiua bustani iliyo katikati ya jangwa, bila shaka utajibu upesi kwamba ni ukame. Jibu lako ni la akili, na watu wengi wangejibu vivyo hivyo. Lakini iko bustani moja kubwa katika jangwa la Misri ambayo imedumu zaidi ya miaka 2,500 pasipo kuuawa na ukame, na ambayo katika zama zetu hizi imeingia hatarini kwa sababu ya maji kuwa mengi mno. Habari zake ni za ajabu, na zina mafundisho kwa kila nchi yenye ardhi kavu, na yetu ikiwamo. Kwa hiyo nakuomba tufuatane pole pole, tuone jinsi watu walivyoishi hapo tangu kale, walivyokosea, na wanavyojaribu leo kusahihisha makosa.

Bustani hiyo yaitwa Siwa. Katika Kiswahili neno siwa tunalijua: ni lile baragumu kubwa lililopigwa zamani katika sherehe za wakuu wa Pate na Lamu, tena katika lugha ya kale siwa ni kisiwa kikubwa. Jina la Misri halikutoka kwetu, na kufanana huku ni kwa bahati tu. Hata hivyo maana ya pili yaifaa Siwa sana, kwani mahali hapo ni kisiwa kweli, ila bahari yake ni ya mchanga. Mahali pa namna hiyo, ambapo maji huchimbuka katikati ya jangwa, mimea ikaota na watu wakakaa, huitwa oasisi.

Chukua ramani ya Afrika, uitazame pembe ya magharibi ya nchi ya Misri. Siwa iko kiasi cha kilomita 50 kutoka mpaka wa Libya, na kiasi cha kilomita 300 kutoka mji wa Marsa Matruh ulio pwani ya bahari ya Mediterania. Upande wake wa kusini umelala mchanga mtupu, vilima nyuma ya vilima, mbali kuliko jicho liwezavyo kuona. Mvua huko ni jambo la kusimuliwa. Siwa yenyewe ni bonde lililozama mithili ya bakuli refu, na sehemu zake za chini kabisa ziko mita 18 hivi chini ya usawa wa bahari.

Ishike sana habari hii ya bakuli, maana ndiyo ufunguo wa yote yatakayofuata. Katika nchi nyingine maji yaliyozidi hutafuta mto, na mto huyachukua mpaka baharini. Bakuli halina mlango. Maji yaingiayo Siwa hayana pa kwenda ila juu hewani, kwa kugeuka mvuke katika jua kali, na yanapopaa huiacha chumvi yake nyuma. Ndiyo sababu bondeni mna maziwa makubwa ya chumvi ambayo kingo zake ni nyeupe kama zilizopakwa chokaa.

Basi maji hayo hutoka wapi, ikiwa mvua hainyeshi? Hutoka chini. Chini ya miamba ya Misri, Libya, Sudan na Chad imelala hazina ya maji iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Maji hayo ni ya mvua zilizonyesha maelfu mengi ya miaka iliyopita, zama ambazo Sahara ilikuwa nchi ya majani na wanyama. Yalizama, yakahifadhiwa katika mawe, na mpaka leo yamo. Huko chini yamesongwa kwa nguvu, kwa hiyo popote yapatapo ufa hupanda yenyewe mpaka juu yakawa chemchemi. Lakini fahamu kwamba hii ni akiba ya kale. Anayeitumia ni kama mtoto aliyerithi ghala la babu yake: ghala limejaa, lakini hapana mvunaji mpya anayelijaza.

Chemchemi za Siwa zilipata sifa tangu kale. Herodotus, Myunani aliyeandika habari za mataifa katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alisimulia juu ya chemchemi moja ya nchi hiyo ambayo, alisema, maji yake huwa baridi adhuhuri na moto usiku wa manane. Watu wakaiita Chemchemi ya Jua. Wewe uliyesoma sayansi utaufumbua muujiza huo mara moja. Maji yatokayo chini sana hayabadiliki joto lake mchana wala usiku. Kinachobadilika ni hewa ya jangwa, ambayo huchoma adhuhuri na kutetemesha usiku. Mkono uliotoka katika jua kali huyaona maji yale kuwa baridi, na mkono uliotoka katika baridi ya usiku huyaona kuwa ya moto.

Siwa ya zamani haikujulikana kwa maji peke yake. Juu ya mwamba wa Aghurmi palikuwa na hekalu la mungu Amun, lililojengwa katika karne ya 6 kabla ya Kristo, na makuhani wake walisifika kwa kutabiri mambo. Mfalme Cambyses wa Uajemi alipoiteka Misri, yasemwa na Herodotus kwamba alipeleka jeshi la watu 50,000 kwenda kuliangamiza hekalu hilo, na kwamba jeshi zima lilifunikwa na dhoruba ya mchanga, asipatikane hata mmoja wa kuleta habari. Kama hadithi hiyo ni ya kweli yote au imetiwa chumvi, hapana awezaye kuapa. Mwaka 331 kabla ya Kristo akafika mgeni mwingine, Alexander Mkuu, naye hakuja kubomoa, alikuja kuuliza. Alipita pwani, kisha akakata jangwa, na waandishi wa kale wasema kwamba njiani mvua iliwaokoa na kiu yeye na watu wake. Makuhani walimwamkia kama mwana wa mungu, naye akarudi ameridhika.

Nimekutajia wageni hawa wawili kwa makusudi. Tangu mwanzo Siwa imekuwa na mambo mawili ya kuhimili: maji na wageni. Maji ni uhai wake, na wageni wamemletea mwenyeji biashara, habari na heshima. Lakini kila kimoja katika viwili hivi chaweza kuwa neema au balaa, kwa kadiri ya kipimo chake na jinsi kinavyopokewa. Ukilishika wazo hili, historia yote ya Siwa itakufungukia.

Watu wa Siwa ni wa jamii ya Waamazighi, ambao wazungu waliwaita Waberber, na lugha yao ya nyumbani ni Kisiwi, ingawa Kiarabu pia wanakijua. Masimulizi yao yaliyoandikwa yasema kwamba baada ya kushambuliwa mara kwa mara na watu wa jangwani, wachache waliosalia walihamia juu ya kilima mwaka 1203, wakajenga mji wenye ukuta wakauita Shali. Walijenga kwa kile walichokuwa nacho: udongo uliojaa chumvi uliochimbwa kando ya maziwa, ambao huitwa kershif. Ukikauka huwa mgumu kama jiwe, hutunza ubaridi mchana na joto usiku, wala hauna gharama ila jasho. Familia zilipoongezeka, watu hawakutoka nje ya ukuta. Walijenga kwenda juu, orofa juu ya orofa, hata vichochoro vikawa vya giza mchana kutwa.

Chini ya kilima zilikuwako bustani, nazo zapasa kusifiwa. Juu kabisa husimama mitende, ambayo majani yake hupunguza ukali wa jua. Chini ya kivuli hicho hukua mizeituni na mikomamanga. Chini zaidi hupandwa mboga, na lusini ya kulisha punda na mbuzi. Punda hubeba mavuno, na samadi yake hurudi shambani kuwa chakula cha mitende. Hapana kitu kilichotupwa. Tende zililiwa, zikauzwa kwa misafara. Kuti lilifumwa vikapu. Gogo la mtende likawa boriti ya nyumba. Zeituni zikatoa mafuta. Shamba moja lilikuwa duka, ghala na kiwanda.

Na maji je? Chemchemi ilitumikia bustani nyingi zilizoizunguka. Kila mwenye bustani alikuwa na zamu yake ya maji, iliyohesabiwa kwa sehemu za mchana na usiku, na zamu hiyo ilirithiwa na watoto kama irithiwavyo ardhi. Zamu yako ikiisha ulifunga mfereji wako kwa udongo, na jirani akafungua wake. Aliyeiba maji ya mwenziwe alikuwa mwizi kama mwizi wa ng'ombe. Kwa njia hii maji yaliyotoka yalikuwa ya kadiri, na jua liliweza kuyapandisha hewani yale machache yaliyosalia. Bakuli halikufurika.

Nisikudanganye kwamba maisha hayo yalikuwa matamu kwa wote. Kazi ngumu ya bustani ilifanywa na vijana maskini walioitwa wazagala, ambao walitumikia matajiri kwa ujira mdogo, wakalazwa nje ya ukuta wa mji, na kwa desturi wakazuiwa kuoa mpaka wapate miaka 40. Tena mji uligawanyika pande mbili, watu wa Mashariki na watu wa Magharibi, ambao mara nyingi walipigana na kumwaga damu. Mpaka leo, kila mwaka mwezi unapokuwa mpevu katika Oktoba, watu wa Siwa hukusanyika kwenye mlima wa Dakrur kwa siku tatu, wakapika pamoja na kula pamoja, tajiri na maskini, ili kukumbuka mapatano yaliyomaliza ugomvi huo. Basi watu wa kale hawakuwa malaika. Walikuwa watu kama sisi, ila jangwa liliwalazimisha kupima kila kitu.

Wageni pia walipimwa, na pengine kwa ukali kupita kiasi. Mwingereza William George Browne alipofika mwaka 1792, alipokewa kwa uadui akalazimika kuondoka upesi. Mwaka 1820 jeshi la Muhammad Ali, mtawala wa Misri, liliingia kwa mizinga, na tangu hapo Siwa ikawa chini ya serikali ya Misri na kulipa kodi ya mitende. Amani ilipoenea, watu walianza kujenga nje ya ukuta. Lakini utawala mpya uliacha na jeraha: mwishoni mwa karne ya 19 afisa mmoja wa serikali alililipua kwa baruti hekalu la pili la Amun, lililoitwa Umm Ubayda, ili apate mawe ya kujengea. Kazi ya mafundi iliyokuwa imesimama zaidi ya miaka 2,000 ikaisha kwa mshindo mmoja. Leo umebaki ukuta mmoja wenye michoro, wamshuhudie mtu aliyetaka mawe ya siku moja.

Mwaka 1926 ulileta msiba mwingine, na huu ulitoka mbinguni. Mvua ambayo si kawaida ya nchi ile ilinyesha siku tatu. Kumbuka kwamba nyumba za Shali zilijengwa kwa udongo wa chumvi, na chumvi na maji havipatani. Kuta ziliyeyuka, orofa zikaporomoka, na wakazi wakahamia chini ya kilima. Mji uliokaliwa zaidi ya miaka 700 ukawa magofu. Hilo lilikuwa onyo la kwanza kwamba katika Siwa maji mengi ni adui wa kuogopwa kuliko maji machache. Lakini lilikuwa onyo la mbinguni, na mwanadamu hupenda kudhani kwamba balaa la mbinguni halimhusu.

Sasa tufike kwenye zama zetu. Katika miaka ya 1980 barabara ya lami iliunganisha Siwa na Marsa Matruh. Safari iliyochukua msafara wa ngamia siku nyingi ikawa ya saa chache. Tende, mafuta ya zeituni na maji ya chupa yakapata soko katika miji mikubwa, na watu wa nje wakaja kununua ardhi. Kila mmoja akataka kupanua shamba. Ili kupanua shamba yataka maji, na mashine za kuchimbia zilikuwa zimefika. Kumbe kuchimba kisima Siwa ni kazi rahisi mno! Ukitoboa ardhi, maji hupanda yenyewe kwa msukumo wa chini. Huhitaji ndoo wala pampu. Visima vikachimbwa, vikapita elfu moja, na vingi havikuwekewa bilula ya kufungia. Maji yakamiminika usiku na mchana, shamba likiwa na kiu au limeshiba.

Hebu fanya hesabu pamoja nami. Mkulima mmoja aliyechimba kisima hakutenda jambo la kipumbavu. Shamba lake lilinawiri, watoto wake wakaenda shule. Jirani yake akaona, naye akachimba. Kila mtu kwa nafsi yake alihesabu sawasawa, lakini jumla ya hesabu za wote ilikuwa kosa, kwa maana wote walimimina ndani ya bakuli lile lile. Jua lilishindwa kuyapandisha maji yote hewani. Maziwa ya chumvi yakatanuka, yakala bustani zilizokuwa kandokando. Maji ya chini ya ardhi yakapanda mpaka karibu na mizizi.

Huenda ukauliza: mti na maji vimegombana lini? Sababu ni mbili. Kwanza, mizizi huvuta pumzi. Ardhi ikijaa maji siku zote, hewa hukosa nafasi na mizizi huoza. Pili ni chumvi. Wajua jinsi mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Vivyo hivyo maji yaliyo karibu na uso wa ardhi hupanda kupitia punje za udongo, yakifika juu hugeuka mvuke, na chumvi iliyokuwa ndani yake hubaki. Leo kidogo, kesho kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki ni cha sumu. Ardhi hufanya utando mweupe, mzeituni hukauka ncha za majani, na hata mtende, ambao huvumilia chumvi kuliko miti mingi, huacha kuzaa. Tena visima vifupi huteka tabaka la juu la maji, ambalo tayari lina chumvi kiasi, kumbe maji matamu yako chini zaidi. Kwa hiyo mkulima aliyemwagia shamba lake maji mengi alikuwa akiliwekea chumvi kila siku, naye akidhani analinywesha.

Tatizo lilipojulikana, serikali ya Misri ilianza kuvifunga visima vilivyochimbwa ovyo, na kuchimba vichache virefu vyenye bilula, ili maji matamu yachanganywe na yale ya juu na yatolewe kwa kipimo. Mitaro ya kuondolea maji ilitengenezwa, na katika miaka ya karibuni mfereji mrefu ukachimbwa wa kupeleka maji ya chumvi mbali, katika jangwa lisilokaliwa. Kazi hizi zimegharimu fedha nyingi sana. Nawe utaona jambo la kufikirisha: baada ya mashine zote, dawa iliyotafutwa na wahandisi ilikuwa ni ile ile waliyoijua wenye bustani wa Shali, yaani kufunga mfereji zamu yako inapokwisha.

Barabara ile ile iliyoleta mashine ilileta wageni wa namna mpya, nao ni watalii. Waja kuona magofu ya Shali, kuoga katika chemchemi, kupanda vilima vya mchanga jua linapotua. Siku hizi wengi hupenda kuelea katika mashimo yaliyoachwa na wachimba chumvi, ambayo maji yake ni ya buluu na mazito kwa chumvi hata mtu hazami. Wageni hao hununua tende na mafuta, na kazi za mikono ya wanawake wa Siwa, ambao ni hodari wa kudarizi nguo. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapana shaka kwamba mwenyeji wa Siwa amepona kwa mengi.

Lakini mgeni naye hunywa, huoga na kuacha takataka. Hoteli yenye vyumba vingi hutaka maji mengi, na maji machafu yake lazima yaende mahali, nawe wajua kwamba bakuli halina mlango. Nyumba za saruji zimejengwa kwa wingi badala ya zile za kershif, na ndani yake joto la kiangazi halivumiliki pasipo mashine za kupoza hewa. Ndipo baadhi ya watu walipoanza kujiuliza, je, haiwezekani kumkaribisha mgeni kwa namna ya nchi yenyewe?

Katika miaka ya 1990 Mmisri mmoja, Mounir Neamatalla, alijibu swali hilo kwa vitendo. Chini ya mlima mweupe ulio karibu na ziwa alijenga nyumba ya wageni iitwayo Adrère Amellal, maana yake mlima mweupe katika lugha ya wenyeji. Kuta zake ni za kershif, zilizojengwa na mafundi wa Siwa waliokuwa karibu kuusahau ufundi huo. Boriti zake ni za mtende. Umeme haumo, usiku huwashwa mishumaa, na mgeni huona nyota ambazo mjini hazionekani. Chakula chake hutoka katika bustani za pale pale. Ni kweli kwamba bei yake ni ya matajiri, na nyumba moja ya namna hiyo haiwezi kulisha mji. Faida yake kubwa ni kwamba ilionyesha kwamba kitu ambacho vijana walikionea haya, yaani nyumba ya udongo ya babu, mgeni alikuwa tayari kukisafiria kutoka mbali. Tangu hapo wenyeji kadhaa wamejenga nyumba ndogo za wageni kwa mtindo huo wa kale.

Hatua nyingine zilifuata. Mwaka 2002 sehemu kubwa ya nchi ya Siwa ilitangazwa kuwa hifadhi. Mwaka 2016 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ukulima wa tende wa Siwa kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye maana kwa dunia nzima. Mwaka 2020 ngome ya Shali, iliyoyeyushwa na mvua ya 1926, ilifunguliwa tena kwa wageni baada ya kukarabatiwa kwa kershif. Haya yote ni mazuri, lakini usidhani kwamba cheti hufunga kisima. Kijana wa Siwa leo anataka kazi, simu, pikipiki na nyumba ya kuoa, na hapana haki ya kumwambia abaki maskini ili mtalii apate picha nzuri. Ndiyo maana kilimo cha kiasi na utalii wa upole havina budi kumlipa mwenyeji. Bustani ikimpa riziki ataitunza. Isipompa, ataiuza kwa mtu wa mbali, na mtu wa mbali hana babu aliyemfundisha kufunga mfereji.

Huenda sasa wasema, habari hizi ni za Misri, sisi zatuhusu nini? Nchi yetu ya Kenya, sehemu yake iliyo kubwa ni kavu au nusu kavu, nasi pia tuna chemchemi zetu jangwani. Kule Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, chemchemi ya maji matamu hunywesha mikoma na watu katika nchi ya mawe meusi na upepo mkali, na watalii hufika huko. Tena mwaka 2013 ilitangazwa kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya ardhi ya Turkana, katika uwanda wa Lotikipi. Wengi walishangilia wakadhani shida imekwisha. Maji ya Lotikipi yalipopimwa baadaye yalionekana kuwa na chumvi nyingi mno kwa kunywa. Hii si sababu ya kukata tamaa, kwani kisayansi maji yaweza kusafishwa, na hazina nyingine zaweza kupatikana. Ni sababu ya kujifunza kuuliza kabla ya kuchimba: maji haya ni ya mvua ya leo au ni akiba ya kale? Yana chumvi kiasi gani? Na yakisha kutumika, yatakwenda wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo walilolisahau watu wa Siwa kwa miaka michache, nalo limewagharimu bustani. Wahenga walituachia methali nyingine ya mgeni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nasema kwamba methali hii yawafaa maji na watalii pia. Mkaribishe mgeni, mheshimu, umpe kilicho kizuri. Kisha umpe kazi ya kuijenga nyumba iliyompokea. Maji yaliyotoka chini yalime, yasilale. Fedha za mtalii zitengeneze ukuta na mtaro, zisiishie katika saruji.

Nawe msomaji, huenda miaka michache ijayo utakuwa mhandisi, afisa wa kilimo, mwenye hoteli, au diwani wa mahali pakavu, na watu watakujia na furaha wakikuambia kwamba maji yametoka. Furahi pamoja nao. Kisha, kabla hawajatawanyika, waulize bilula iko wapi.